Baiskeli yangu haina kelele, basi ndege wanakimbia nini?

Swali la msomaji: Habari za kazi, mtaalamu. Nimepata baiskeli ya changarawe, tairi zake zina upana wa milimita 40, na mimi mwenyewe nina kilo 70 hivi. Kuna hifadhi ya ardhioevu yenye njia ya kokoto ya kilomita kama 30 iliyopita juu ya tuta, magari hayaruhusiwi kabisa. Nataka kwenda na wenzangu wanne. Mmoja wao anasema tutawasumbua ndege. Mimi namwambia baiskeli haina moshi wala mngurumo, itamsumbua nani? Naomba unielekeze: tairi nizijaze upepo kiasi gani, twende saa ngapi, na huyo mwenzangu ana hoja au anatutia uvivu tu? Halafu mmoja wetu ana baiskeli ya umeme, naye aje nayo?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Nitaanza na mwenzako kabla ya tairi, kwa sababu ana hoja, na ukishamwelewa yeye, mengi ya yale mengine yatajijibu.

Umesema baiskeli haina kelele. Ni kweli, na tatizo linaanzia hapo hapo. Gari husikika likiwa mbali. Ndege analisikia, anainua shingo, analipima, na mara nyingi anaamua kuendelea kula, hasa kama gari hupita njia ile ile kila siku na halisimami. Ndiyo maana wapiga picha wengi wa ndege hubaki ndani ya gari: umbo la binadamu halionekani, na ndege hatishiki. Wewe juu ya baiskeli unaonekana mtu mzima, kichwa na mabega juu ya matete, unakuja kilomita 20 kwa saa, yaani zaidi ya mita 5 kila sekunde, na hakuna sauti iliyokutangulia. Ukitokeza kwenye kona, kulasitara aliyesimama ukingoni mwa mfereji anakuona ukiwa umeshamfikia. Hana muda wa kupima chochote. Anaruka, na akiruka yeye, bata waliokuwa wametulia nyuma yake wanaruka pia bila hata kukuona.

Wengine husema, "Akiruka si atatua tena?" Atatua, lakini kuruka kunamgharimu. Kupiga mabawa hula nguvu mara nyingi zaidi ya kusimama majini, na muda anaozunguka angani ni muda ambao hali. Kwa ndege wanaohama, ardhioevu ni kituo cha kujazia mafuta mwilini. Yupo ndege mmoja wa matopeni mwenye mdomo mrefu, kwa jina la kisayansi Limosa lapponica. Mwaka 2022 kinda mmoja wa aina hiyo, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania, kilomita zipatazo 13,560, bila kutua popote, kwa siku 11. Safari ya namna hiyo inaendeshwa na mafuta aliyoyakusanya kwenye tope kabla ya kuondoka. Ukimwinua ndege kama huyo mara moja, atafidia. Akiinuliwa na kila kundi linalopita kuanzia asubuhi mpaka jioni, ataondoka na akiba pungufu, na huko mbele hakuna pa kuongeza.

Sasa usivunjike moyo ukaahirisha safari. Ndege hujifunza. Kinachopita kwenye mstari ule ule, kwa mwendo ule ule, bila kusimama na bila kuwaelekea, baada ya muda hukihesabu kuwa hakina madhara. Wanachoogopa ni kisichotabirika: mtu aliyekuwa akienda, ghafla akafunga breki, akashuka, akawageukia na kunyoosha mkono. Kwa ndege, hizo ni tabia za mwindaji. Kwa hiyo kanuni ninayoomba muishike nyote watano ni kwamba juu ya tuta mnapita, na kusimama mnasimama palipojengwa kwa ajili ya kusimama: kwenye banda la kutazamia ndege, kwenye lango, kwenye mnara, au panapotanuka penye ukuta wa matete wa kuwaficha. Ukiona kitu kizuri katikati ya njia, kitazame ukiwa unaendelea kukanyaga pedali, polepole. Nimeona makundi ya heroe yakiendelea kuchuja tope bila wasiwasi huku baiskeli zikipita karibu, na yakaanza kusogea pamoja kama pazia linalovutwa mara tu mtu mmoja alipoweka mguu chini na kutoa simu.

Mkiwa watano, nendeni pamoja, mmoja nyuma ya mwingine, msiachane sana. Watano waliotawanyika kwenye kilomita nzima ni misukosuko mitano kwa ndege wale wale, ilhali watano walioshikana ni mmoja. Anayechoka upesi ndiye akae mbele, apange mwendo. Kwenye kona zenye matete marefu punguzeni mpaka kilomita 10 au 12 kwa saa, na ongeeni kwa sauti ya kawaida. Maongezi ya kawaida yanafanya kazi nzuri kuliko kengele, kwa sababu yanaanza mbali na kupanda taratibu, wakati kengele inampasukia mnyama ghafla. Kengele wawekeeni waenda kwa miguu, na mbwa abaki nyumbani hata kama ni mpole kuliko wote.

Umeuliza saa. Wengi watakuambia alfajiri, kwa sababu ya mwanga na ndege wengi. Mimi nakuambia kinyume chake: ingieni saa tatu asubuhi, mtoke saa tisa au saa kumi alasiri. Alfajiri na magharibi ndipo wengi wao wanapokula kwa bidii na kusafiri kati ya mahali pa kulala na mahali pa kula. Anayetaka kuona ndege alfajiri aende kwa miguu mpaka kwenye banda, akae humo atulie. Baiskeli ni ya mchana.

Kama hifadhi hiyo iko pwani, tazama pia maji, na hili watu wengi hawalijui. Maji yakipwa, ndege wa matopeni wametawanyika mbali huko kwenye tope, na tuta liko tupu. Maji yakijaa, tope lote limefunikwa, nao hawana pa kwenda isipokuwa kwenye vijisehemu vikavu, na mara nyingi sehemu kavu iliyobaki ni ubavu wa tuta lenu. Wanasongamana hapo kwa saa kadhaa, wamekunja mguu mmoja, wanapumzika wakisubiri maji yapwe. Ukipita wakati huo unawainua wote kwa mpigo, na hakuna pengine pa kutua. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hali huwa ngumu zaidi kwa sababu maji hupanda juu sana. Panga safari izunguke maji kupwa.

Ukikuta sehemu imefungwa kwa kamba na bango, usiitafutie njia ya pembeni, hata kama huoni kitu chochote upande wa pili. Wakati mwingine ni mayai, kwa sababu ndege wengi wa ardhioevu hutaga chini, kwenye kokoto zile zile unazotaka kupitisha tairi, na yai limefanana na kokoto. Wakati mwingine ni jambo ambalo halionekani kabisa. Bata wengi na mabata bukini, wanapobadilisha manyoya, hupoteza manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja, na kwa wiki kama 3 au 4 hawawezi kuruka. Dalili yake utaiona ukichungulia ukingo wa maji: manyoya makubwa ya bawa, magumu, yenye shina nene jeupe, yakielea kwa wingi pale upepo ulipoyasukuma. Ndege wenyewe wamejificha ndani ya matete. Kule Oostvaardersplassen nchini Uholanzi, eneo lililokaushwa kutoka majini mwaka 1968, mabata bukini wa kijivu kwa makumi ya maelfu wamekuwa wakija kutoka sehemu nyingine za Ulaya ili wapitishe kipindi hicho katika usalama wa matete na maji. Ndege asiyeweza kuruka, akitishwa, anakimbia kwa miguu au kuogelea mpaka anachoka. Bango lile limewekwa kwa ajili yake.

Tuje kwenye njia yenyewe. Hapa ningependa ubadili namna unavyoitazama, kwa sababu kwa jinsi ulivyoandika unaiona ni barabara ambayo kwa bahati nzuri haina magari. Tuta ni mtambo wa maji. Upande mmoja maji yako juu, upande wa pili yako chini, au bahari iko upande mmoja na maji baridi upande mwingine. Kokoto zile ziliwekwa juu ili wahifadhi waweze kufika kwenye milango ya maji kuifungua na kuifunga, na wewe umeruhusiwa kupita humo. Pale Camargue, kusini mwa Ufaransa, kuna tuta lililojengwa karne ya 19 kuzuia bahari isivamie mabwawa ya delta ya mto Rhône. Leo magari hayapiti, na waendesha baiskeli hutoka mbali kwenda kulipita, lakini kazi yake ya kwanza haijakoma. Njia nyingi za aina hii ziko hivyo.

Kwa sababu hiyo, mvua ndiyo inayoamua kama mnakwenda au hamwendi. Tabaka la juu ni mchanganyiko wa kokoto na unga wake, limeshindiliwa na kupewa mgongo katikati ili maji yatiririke pande zote mbili. Likiwa na unyevu kidogo linashikana vizuri kuliko hata likiwa kavu kabisa. Likiloa mpaka ndani, unga ule unageuka uji, na tairi zinachora mifereji. Mvua inayofuata inajaa kwenye mifereji hiyo badala ya kutiririka, inazama ndani ya tuta, na uharibifu unaanza kwenda chini. Mkifika langoni, shuka, kandamiza kisigino ardhini kwa uzito wako wote, kisha kiinue. Alama ikibaki kavu, nendeni. Maji yakichomoza ndani ya alama, rudini nyumbani, mje baada ya siku mbili za jua.

Mkikuta dimbwi dogo ambalo mnaona chini yake, piteni katikati. Najua kila mtu hupenda kulizunguka, lakini kila anayezunguka anatanua njia kuelekea begani, na bega la tuta ndilo laini kuliko sehemu zote. Dimbwi msiloona chini yake, shukeni msukume, maana mara nyingi limekaa juu ya kalvati, na udongo unaozunguka kalvati huwa wa kwanza kuliwa na maji. Breki msizifunge mpaka gurudumu la nyuma likaburura. Kila mburuzo unatoa kokoto kwenye mgongo wa njia na kuzisukuma pembeni, na kwenye tuta jembamba pembeni ni majini. Kwenye madaraja ya mbao yaliyoloa, nyoosha usukani kabla ya kuingia, usikate kona wala kufunga breki juu yake. Kama mbao zimelazwa kufuata urefu wa daraja, shuka, kwa sababu upenyo kati ya mbao mbili unaweza kulishika gurudumu la mbele.

Na macho yako yafanye kazi moja zaidi, ambayo wahifadhi watakushukuru. Mkiwa mmesimama kwenye banda au lango, tazama mguu wa tuta upande ule wa maji ya chini. Unyevu tu si tatizo, matuta mengi hutoa jasho, na maji yake ni maangavu. Lakini ukiona kijishimo kinachobubujika, na kukizunguka kuna duara la mchanga laini au tope kama kichuguu kidogo cha siafu, na maji yanayotoka ni ya rangi ya udongo, hiyo ina maana kwamba maji yanapita ndani ya tuta na yanatoka na tuta lenyewe, chembe kwa chembe. Kile kinachoonekana leo kama bomba la kidole, baadaye kinaweza kuwa pengo la kupitisha mashua. Mara nyingi chanzo ni mashimo ya wanyama. Waholanzi huajiri watu wa kukamata panya wa majini waitwao muskrat kwa sababu hiyo tu, kwamba wanatoboa matuta. Piga picha, andika namba ya nguzo iliyo karibu au alama ya simu ya mahali ulipo, na mpelekee mhifadhi siku hiyo hiyo.

Tairi sasa. Milimita 40 zinatosha kabisa kwa changarawe iliyoshindiliwa. Kwa kilo zako 70, kama tairi hazina tyubu, anza na psi 28 (kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye pampu) mbele na 31 nyuma. Kama zina tyubu, ongeza 4 au 5 kila upande ili tyubu isibanwe na rimu ukigonga jiwe. Mwenzako mwenye kilo 90 aongeze tena 5 au 6. Wengi hujaza kupita kiasi wakidhani tairi ngumu inakimbia zaidi. Kwenye lami laini ndiyo, lakini kwenye kokoto tairi ngumu inadundadunda, nguvu zako zinapotea kwenda juu na chini, na kule kudunda ndiko kunakolima njia ikawa na mikunjo midogo midogo inayowatesa wote wanaokuja nyuma. Chagua tairi yenye meno mafupi yaliyosongamana katikati na makubwa kidogo pembeni. Meno marefu ya matopeni hayana kazi hapa, yanang'oa tu. Beba tyubu moja ya akiba hata kama tairi zako hazina tyubu, kwa sababu ile gundi ya ndani ya kuziba matundu hukauka na mwenye baiskeli hana habari.

Upepo wa angani mtauona zaidi kuliko wa tairi. Ardhioevu ni tambarare, haina miti ya kukinga, na ninyi mko juu ya tuta. Mkienda kilomita 20 kwa saa na upepo wa kilomita 20 kwa saa unawapiga usoni, hewa inawapiga kwa 40, na msukumo wake ni mara nne ya ule wa siku tulivu. Kwa hiyo anzeni kwa kuukabili mkiwa na nguvu, uwasaidie wakati wa kurudi. Njia za juu ya tuta hazina mchepuko: ukifika kilomita ya 15, kutoka ni kilomita 15 upande wowote. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha safari yote na ziada. Msitegemee maji ya bwawani hata kwa kuyachemsha, kwani maji yaliyotuama yenye utando wa kijani yanaweza kuwa na sumu za bakteria wa kijani-buluu, na sumu hizo haziondoki kwa kuchemshwa.

Kama ni hifadhi yenye viboko au mamba, mengi niliyosema yanakuja baada ya neno la askari wa hifadhi. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na hurudi alfajiri, na hutumia tuta kama njia yake. Mtu anayejikuta kati ya kiboko na maji yuko hatarini sana, na baiskeli haimsaidii. Hapo msiingie bila kuongozwa.

Baiskeli ya umeme: ulizeni hifadhi, kwa sababu zipo zinazoihesabu kuwa baiskeli na zipo zinazoihesabu kuwa chombo cha moto, na neno lao ndilo la mwisho. Wakiruhusu, mimi sina kinyongo nayo, kwani humwezesha mwenye magoti mabovu kwenda na wenzake. Ila ni nzito, na msaada wa mota humfanya mtu aende kilomita 25 kwa saa bila kujijua, bado kimya. Aweke msaada wa chini kabisa na akae nyuma ya yule anayepanga mwendo.

Mkimaliza, msiondoke na tope la hapo. Ndani ya tope lililoganda kwenye tairi na chini ya madigadi mna mbegu, mayai ya wadudu, na kwingine ule ukungu uitwao Batrachochytrium dendrobatidis, ambao umeua vyura katika mabara kadhaa na husafiri kwenye maji na tope bichi. Magugu maji nayo, yaliyotoka Amerika ya Kusini yakaenea kwenye maziwa na mito ya nusu ya dunia, yanaweza kuanza upya kwa kipande kidogo tu au kwa mbegu iliyolala topeni miaka mingi. Bebeni brashi ngumu, mkwangue tope pale pale langoni mkiwa ndani ya hifadhi, likaliwe na ardhi yake. Msioshee baiskeli mferejini, maana mafuta ya mnyororo yataingia majini. Mkifika nyumbani osheni tairi, viatu na pedali mbali na mfereji wowote, mziache juani zikauke kabisa siku mbili kabla ya kuzipeleka kwenye maji mengine, kwa sababu ukungu ule hauvumilii ukavu. Mnyororo upake mafuta mapya baada ya kukauka, na zungusha kila gurudumu kwa mkono ukisikiliza beringi. Ikikwaruza, maji yameingia, na ifunguliwe wiki hiyo hiyo kabla kutu haijala.